Programu za kuhariri DVD za harusi: nunua ile isiyogusa sauti

Nyumba nyingi za Lamu zina mfuko wa plastiki juu ya kabati, na ndani yake DVD za harusi na za Maulidi zilizorekodiwa nyumbani. Juu ya diski pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, "Harusi Langoni 2009", basi. Joto na unyevu wa pwani haviziachi salama, na nyingine zimeshaanza kukwamakwama. Za Maulidi unaweza kumpelekea fundi yeyote azisafishe. Ila diski ya kupamba, ambamo kina mama wamevaa walivyovaa na mabuibui yametundikwa msumarini, haipelekwi kwa kijana wa dukani. Kazi inarudi kwenye laptopu ya nyumbani, na ndipo swali la kununua programu linapoanza.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua programu moja ya kila kitu, yenye menyu za maua na mioyo inayopepea, nikaitengeneza upya diski ya harusi ya dada yangu. Shangazi alisikiliza dakika mbili tu. "Sauti ya nyanyako siyo hii, mwanangu. Huyu anaimba ndani ya mtungi." Nami nilipovaa hedifoni nikasikia: vigelegele vilichacharika kama sambusa mafutani, na pigo la twari lilikuwa limefutika ncha.

Sababu yake ni hii. Sauti ya DVD mara nyingi ni AC-3, yaani imeshabanwa tangu siku ya kurekodiwa. Programu ikiifungua na kuibana tena, kinachopotea hakirudi, na hata ukiongeza ukubwa wa faili hukipati. Kwa hiyo sizipangi programu kwa uzuri wa menyu. Nauliza moja: je, inanakili sauti ilivyo, au inaigeuza kimyakimya?

Ya kwanza: Avidemux pamoja na DVDStyler. Zote mbili ni za bure, na zinaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Avidemux ndiyo kisu. Unafungua faili za VOB, yaani zile zinazobeba picha na sauti ndani ya DVD, unaweka picha na sauti zote mbili kwenye kunakili (Copy), unachagua umbo la MPEG-PS, kisha unakata. Ila usikate popote pale tu. Ukinakili bila kugeuza, mkato sharti uanzie kwenye fremu kuu (keyframe), yaani picha iliyohifadhiwa nzima bila kutegemea jirani zake, na kwenye DVD zetu za PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu, fremu hizo huachana kama nusu sekunde hivi. Tumia vishale vya juu na chini kuruka kutoka fremu kuu moja hadi nyingine. Kwa harusi nusu sekunde si kitu, hakuna atakayeililia.

DVDStyler ndiyo ya menyu. Ukishaingiza vipande vyako, fungua sifa za kila kimoja na uhakikishe picha na sauti zimewekwa kunakiliwa. Wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa, usikubali vitu vya ziada. Mandhari ya menyu iwe picha ya ukubwa wa 720 kwa 576. Mimi nilipiga mlango wetu wa nakshi, ukatoka vizuri kuliko ua lolote la programu. Usiweke maandishi pembezoni kabisa, maana televisheni za zamani hukata kingo. Vitufe viitwe kama watu wanavyoita: Kesha, Nikahi, Kupamba. Muziki wa menyu hukaa peke yake, hauigusi sauti ya harusi.

Ya pili: TMPGEnc Authoring Works. Hii ni ya kulipia na ni ya Windows tu. Fedha yako inanunua kitu kimoja cha maana: inageuza picha pale tu palipokatwa, kwingine inaacha kama palivyo, kwa hiyo unaweza kukata katikati ya neno ukitaka. Menyu zake pia ni rahisi zaidi. Linganisha mpangilio wa sauti na wa diski asili kabla ya kuanza. Kama una diski mbili tatu, sioni haja ya kuilipia. Kama mfuko wako una thelathini, itakuokolea usiku mwingi.

Ya tatu: zile kubwa za kila kitu. Jaribu toleo la majaribio kwanza. Usipoona mahali pa kuchagua sauti ibaki ilivyo, rudisha pochi mfukoni.

HandBrake wengi wataisifu, nayo ni nzuri kwa kutengeneza kipande cha kutuma WhatsApp, lakini haitengenezi DVD wala menyu, na picha huigeuza daima.

Jambo moja hunasa wengi. Rekoda za nyumbani zikiwekwa kwenye ubora wa juu, ule wa saa moja kwa diski, baadhi yake ziliandika sauti isiyobanwa, LPCM, kilobiti 1,536 kwa sekunde. Hiyo ni karibu megabaiti 690 kwa saa, na AC-3 ya kilobiti 256 ni kama 115 tu. Ndiyo maana programu nyingine hukimbilia kuibana, ipate nafasi. Diski ya gigabaiti 4.7 kompyuta huisoma kama 4.37 hivi, basi piga hesabu mapema. Ikizidi, gawanya harusi diski mbili, sauti iache.

Fedha uliyookoa kwenye programu iweke kwenye mashine ya nje ya USB ya kuchomea na diski tupu za kuaminika. Mimi hununua Verbatim. Choma kwa kasi ndogo, ya 4 au 8, na laptopu iwe na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati diski hiyo ni ya kufukuzia kunguru. Nunua pia DVD-RW moja ya kujaribia: ichome kwanza, cheza vigelegele vilevile kwenye ya zamani na kwenye mpya, kisha ndipo uguse diski za kudumu. Na ukiagiza kutoka Mombasa, fungua mzigo papo hapo Mokowe kabla ya kupanda boti. Mimi niliwahi kuvuka nao nyumbani, nikakuta ni CD.