Nimempeleka mbwa kwenye michezo ya kunusa na kuruka viunzi hapa Dodoma: uzoefu wangu

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: kama una mbwa hapa Dodoma na hela yako inatosha mchezo mmoja tu, lipia wa kunusa. Ule wa kuruka viunzi utautengeneza mwenyewe nyumbani kwa mabomba mawili matatu ya plastiki na bado utakuwa salama kuliko tuliowekewa pale. Jina la hao jamaa wanaoendesha michezo hiyo siliweki, sina ugomvi nao, na treina wao mmoja kwenye mambo ya pua ni fundi kwelikweli.

Mbwa wangu anaitwa Bosi, mbwa wetu huyuhuyu wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama jingine limelala, nilimtoa Chamwino kwa mzee mmoja wa Kigogo anayefuga mbuzi. Nalitaja hilo maana watu wakisikia michezo ya mbwa wanajua ni mambo ya mbwa wa kizungu wa mamilioni, wakati pale uwanjani nusu yetu tulikuwa na hawahawa wa mtaani. Uwanja uko upande wa Iyumbu, ukishakiacha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), bajaji zinafika ila dereva lazima umbembeleze akubali kubeba mbwa. Bei sh 15,000 kwa saa nzima, nusu ya kwanza kunusa, nusu ya pili viunzi.

Kunusa kunaanza kitoto kabisa. Maboksi yanapangwa chini, moja lina kipande cha ini la kuku, mbwa anaachiwa aende mwenyewe na wewe unatakiwa unyamaze, na hapo kwenye kunyamaza ndipo pagumu maana Mbongo na mbwa wake ni amri tu, kaa, toka, kamata. Akishaelewa mchezo wanaliondoa ini, wanaweka karafuu kwenye kikopo chenye matundu, akikipata ndio analipwa ini. Mimi nilidhani karafuu ni ubunifu wa treina kumbe hata huko Marekani kwenye mashindano ya kunusa karafuu ni moja ya harufu rasmi, pamoja na anise, kiungo chenye harufu tamu, na birch, mti wa nchi za baridi. Sasa birch nitaitoa wapi mimi, ila karafuu Soko la Majengo unapata kwa hela ya chai. Angalizo tu, kikopo kiwe kigumu asichoweza kukifungua, karafuu sio za mbwa kula, na mafuta ya karafuu yasimguse puani, yanaunguza.

Sasa hapa ndipo waliponikamata. Asubuhi moja upepo wetu ulikuwa umeshaamka, vumbi linatembea, kikopo kimefichwa sehemu nisiyoijua. Bosi akatoka, akavuka uwanja wote, akaenda kuganda kwenye kona ya ukuta wa tofali, mdomo umefungwa, mkia umekakamaa, pua inapiga harakaharaka. Pale ukutani hakuna kitu, tofali tupu. Nikataka kumwita, treina akanionyesha mkono nitulie, akainama akachota vumbi akaliachia hewani, likaondoka moja kwa moja mpaka kwenye ile kona. Yaani harufu ilikuwa inabebwa na upepo, inagonga ukuta, inatuama pale. Bosi akakaa nayo kidogo kisha akageuka mwenyewe, akaanza kukata kushoto kulia, kushoto kulia, anaupanda upepo, kila akivuka ule upana unapungua, akapita kwenye koni, akapita miguuni kwa mama mmoja mwenye mwavuli, akafika kwenye rundo la matairi chakavu akachomeka pua ndani ya tairi la pili kutoka chini akabaki hapohapo. Kopo lilikuwa mle. Nilipiga kelele kama Yanga wamefunga.

Baadaye treina akatuonyesha pua yenyewe kwa karibu, pembeni ya tundu kuna mpasuko, mbwa akitoa pumzi hewa inapitia huko pembeni kwa hiyo haipeperushi ile harufu aliyoko juu yake, na akinusa kwa nguvu anavuta pumzi fupifupi kama tano kwa sekunde moja. Ndio maana wanachoka. Bosi akitoka kunusa analala mpaka jioni, bodaboda zinapita getini hanyanyui kichwa, wakati tukitembea naye mpaka Ilazo na kurudi anafika bado anatafuta viatu vya kutafuna.

Shemeji yangu alicheka sana kusikia nalipa hela mbwa akanuse, nikamuuliza mbona panya wa Morogoro huwacheki? Maana shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana panya buku wanaonusa kifua kikuu na mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hukuhuku Tanzania akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Ila mzee wa Chamwino ndiye alinimaliza. Nilimpigia, tukasalimiana Kigogo, mbukwenyi mzee, mbukwa mwanangu, nikamweleza Bosi anasomea kunusa. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, mama yake huyo alikuwa anatutafutia mbuzi aliyezalia porini usiku, sasa wewe unamlipia ada ya nini?" Sikuwa na jibu.

Haya, viunzi. Mchezo wenyewe asili yake ni Uingereza, mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts London walikuwa wanatafuta kitu cha kuburudisha watu katikati ya ratiba, wakaiga mashindano ya farasi wa kuruka. Ni mzuri, mbwa anafurahi, wewe unakimbia naye unatoa kitambi. Tatizo ni vifaa. Fito za kuruka pale zimefungwa kwa waya. Fito inatakiwa ikiguswa tu idondoke, mbwa akikosea hesabu isimvunje mguu. Handaki wameunganisha mapipa ya plastiki yanakaa juani, ukiingiza mkono ndani unatoka na jasho, mbwa wa watu wanasukumwa waingie humo. Ubao wa bembea unapiga chini paa! na mbwa mmoja mweupe hakukubali tena kuusogelea, wakati tairi moja tu chini ya ubao lingemaliza kelele zote. Kilichoniuma zaidi ni dada mmoja na mbwa wake wa miezi mitano anaambiwa amrushe urefu sawa na wakubwa, mbwa mdogo viungo havijakomaa, huyo fito inalazwa chini avuke kwa kutembea mpaka apite mwaka. Nilisema, treina wa viunzi akanijibu ataangalia. Mpaka leo anaangalia.

Vijiti vya zigizaga ndivyo nilivyopenda, na ndivyo nimeviiga nyumbani, unachomeka ardhini unaachanisha sentimita 60, unaanza navyo vichache, unamwongoza kwa mkono wenye dagaa. Fito zangu zimelala juu ya tofali bila kufungwa. Jumla sijamaliza hata hela ya vipindi viwili.

Mambo mengine kwa haraka. Uwanja una mbigili, kagua nyayo kabla ya kupanda bajaji. Nenda kipindi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sio cha saa nne, mbwa anajipoza zaidi kwa kuhema, na mchanga wa saa nne ukishindwa kuukandamizia kiganja chako basi na yeye unamuunguza. Na hili la Dodoma sasa: kuna kaka alikuja na zabibu mfukoni ndio zawadi ya mbwa, si tunazo tele. Zabibu kwa mbwa ni sumu, mbichi na kavu, hata chache zinaweza kuua figo. Treina wa kunusa alimnyang'anya mfuko akazila mwenyewe mbele yetu.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa wanaikagua getini, huna hauingii, hapo nawapa maksi zote.

Naendelea nao kwa kunusa tu. Nimewaomba wanipunguzie bei maana nusu ya pili mimi na Bosi tunakaa kivulini, wamesema bei ni ileile na kivuli kimo humohumo.