Taa ya Tangi la Mimea: Kwanza Uliza Inafanya Nini Umeme Ukirudi

Mwezi wa Shaabani uliopita nilikwenda Pemba kwa arusi ya mtoto wa ndugu yangu, nikakaa Chake Chake siku tisa, na nyumbani Fuoni nikamwachia mtoto wa dada yangu kazi moja tu, nayo ni kuwalisha samaki mara moja kwa siku. Tangi langu ni dogo, la lita 60, lakini mimea iliyomo ndiyo fahari ya sebule: anubiasi nne zilizofungwa juu ya kipande cha gogo, valisneria nyuma kama pazia, na kriptokorini chache mbele. Niliporudi nilikuta kioo cha mbele kimekuwa kijani kama ukuta wa birika la zamani, valisneria zimevikwa nyuzi, na majani ya anubiasi yameota manyoya meusi ukingoni.

Nilimwuliza kijana kama alizidisha chakula, akaapa kuwa hakuzidisha. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililozaa mwongozo huu: "Mama mdogo, ila ile taa yako ina mtindo wake. Nikiamka kwa sala ya alfajiri naikuta inawaka, nikirudi kazini jioni inawaka, nikadhani ndivyo ulivyoipanga."

Mimi niliipanga iwake saa nne asubuhi na izimike saa kumi na mbili jioni. Niliinunua mjini kwa shilingi 95,000, na juu ya boksi lake iliandikwa kwa herufi kubwa kuwa ina saa yake ndani, ambayo ukiibonyeza mara moja itawasha na kuzima kila siku bila ya kuguswa. Ambalo halikuandikwa popote ni kuwa saa hiyo haina kumbukumbu. Umeme ukikatika inasahau kila kitu, na ukirudi taa inawaka papo hapo na kuanza kuhesabu saa 8 upya. Kwa hiyo umeme ukirudi saa tisa usiku, hiyo ndiyo asubuhi yake. Ukikatika tena mchana baada ya taa kuwaka kwa muda wa saa 6, ukirudi inaanza nyingine 8, na mimea inajikuta imepigwa mwanga saa 14 kwa siku moja.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia lumeni, wala urefu wa taa, wala rangi zinazomfanya samaki aonekane mwekundu zaidi, kwani mambo hayo kila muuzaji anayajua na kila boksi linayataja. Nitazipanga taa kwa swali moja tu, ambalo sijawahi kumsikia mnunuzi akiliuliza dukani: umeme ukikatika na kurudi, inafanya nini? Aliyeishi Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila ya umeme kutoka bara kwa sababu ya hitilafu ya waya wa baharini, angepaswa kuwa wa kwanza kuliuliza, na mimi niliyekuwapo sikuliuliza.

Kwa nini jambo hili linanikera kuliko bei? Kwa sababu anubiasi asili yake ni vijito vyenye kivuli vya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na hukua polepole mno, hata jani moja huweza kuchukua wiki kadhaa kufunguka. Mmea wa namna hiyo, katika tangi lisilotiwa gesi ya kaboni dioksidi, una kiasi chake cha mwanga unachoweza kuutumia, na saa 6 hadi 8 kwa siku zinautosha. Mwanga unaozidi hapo hauuharakishi, bali unabaki kuwa riziki ya ukoga, yaani ule ukijani, nyuzi na manyoya niliyoyakuta, ambao hauhitaji mizizi wala subira. Ukoga ukishashika jani la anubiasi hautoki kwa urahisi kwa kusuguliwa, na jani lenyewe, kwa kuwa hudumu muda mrefu, litaendelea kuwa makao yake mpaka ulikate.

Naandika ukoga kwa makusudi, kwa sababu hapa kwetu neno mwani lina wenyewe. Shangazi yangu wa Paje, ambako kilimo cha mwani kimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, alipoliona tangi langu alicheka hadi akafunika uso kwa kanga: "Wewe waukimbia nyumbani, sisi twaufuata baharini maji yakitoka." Na hakukosea sana, kwani yale manyoya meusi yanayoota ukingoni mwa majani, ijapokuwa ni meusi, wataalamu huyaweka katika kundi la mwani mwekundu, ndiko uliko na mwani anaoulima yeye.

Nafasi ya kwanza naitoa, bila ya kuona haya, kwa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya samaki: balbu ya kawaida ya Philips ya LED, yenye mwanga mweupe wa kelvini 6500, ikitiwa ndani ya kivuli cha taa cha bati na kuning'inizwa juu ya tangi, kisha ikapitishwa kwenye saa ya plagi, yaani ile inayochomekwa kwenye soketi ili iwashe na kuzima kwa wakati ulioupanga, ya dijitali na yenye betri yake ndani. Mimi ni mtu wa Philips tangu zamani za balbu za waya, na najua nitaambiwa kuwa nalipia jina. Nalipia, na naridhika. Sifa kubwa ya balbu hii ni kuwa haijui kitu. Haina kitufe, haina kumbukumbu ya kupotea, ikipata umeme inawaka na ikikosa inazimika, na kazi yote ya kukumbuka inabaki kwa saa ya plagi, ambayo betri yake inaendelea kuhesabu hata mtaa mzima ukiwa giza. Balbu ya wati 13 inatosha tangi kama langu lenye mimea ya kivuli. Iwekee kifuniko cha kioo chini yake, kwa sababu haikuundwa kustahimili mvuke, na uuache waya ubembee chini ya kiwango cha soketi kabla haujapanda tena kuingia, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Saa yenyewe inataka uangalifu. Chagua yenye plagi ya pini tatu kama za kwetu, maana zile za pini mbili za mviringo zitakulazimisha kutia adapta, na adapta iliyolegea karibu na maji si jambo la kulifanyia mzaha. Ukifika nyumbani iache kwenye soketi usiku mzima ili betri ijae, kisha ichomoe. Ikiwa kesho yake bado inasoma saa sahihi, umepata saa. Ikiwa kioo chake ni kitupu, betri imekufa ikiwa rafuni, na uirudishe siku hiyo hiyo kabla muuzaji hajakusahau sura.

Nafasi ya pili ni taa za matangi zisizo na saa ndani, zenye swichi inayobonyea na kubaki ilipobonyezwa. Hizi nazo zinakwenda vizuri na saa ya plagi. Jihadhari na dada zao wenye kitufe cha kugusa kwa kidole, kwa sababu nyingi kati yake zikikatiwa umeme hubaki zimezimika mpaka mtu aziguse, na hapo saa yako ya plagi itakuwa inapeleka umeme kila asubuhi kwenye taa isiyoamka. Mimea nayo hudhoofika gizani, na jani lililodhoofika ni karamu nyingine ya ukoga.

Ya tatu ni taa za kuamrishwa kwa simu, kama zile za Fluval na Chihiros, ambazo mwanga wake sina la kuupinga na bei yake sina la kuisifu. Zinaunganishwa na simu kwa bluutuu na unaweza kupanga macheo na machweo yako mwenyewe. Hata hivyo, usimtegemee mtu kukuhakikishia zinakumbuka kiasi gani: chomoa waya kwa dakika 10, rudisha, kisha tazama kama ratiba na saa viko mahali pake. Ikiwa lazima usimame mbele ya tangi na simu mkononi kila umeme unaporudi, basi wewe ndiye uliyegeuzwa kuwa saa.

Saa ya plagi ya duara, yenye vijipini unavyovishusha na gurudumu linalozunguka, husimama umeme unapokatika na kuendelea ulipoishia. Ikikosa umeme saa 2 mara tatu kwa wiki, itachelewa saa 6, lakini angalau haizidishi muda wa mwanga, inausogeza tu. Anayekumbuka kuirekebisha kila Ijumaa ataishi nayo kwa amani. Ama zile taa za kubana kwenye kioo za bei ya chini, zenye vitufe vitatu juu ya waya, ni ndugu wa ile iliyonifikisha hapa, na sina zaidi la kusema juu yake.

Lenye kuniudhi ni kuwa jaribio la dakika 10 lingetosha kuniokoa, nami niliomba walau taa ichomekwe mbele yangu. Muuzaji aliniambia kwa upole wote, "Bibi, ukifungua boksi umeshanunua." Nilipomrudia na malalamiko alisema taa inawaka, na taa kazi yake kuwaka. Siwezi kumlaumu kuwa alidanganya. Lakini muuzaji huyo huyo, nikinunua feni, huichomeka mbele yangu na kuizungusha kasi zote tatu bila ya kuombwa, na sijaelewa kwa nini kitu cha shilingi 95,000 kisistahiki heshima ya feni. Nikimuuliza bei nayo, anataja dola, kisha meli, kisha bandari, mpaka unajihisi ni wewe uliyechelewesha kontena.

Tangi lilihitaji miezi miwili kurudi. Nilikata majani yote yenye manyoya, nikabadilisha nusu ya maji kila wiki, na nikapunguza mwanga hadi saa 6 mpaka majani mapya yalipotoka safi. Ile taa sikuitupa. Kijana ameifunga barazani, na umeme ukirudi usiku inawaka yenyewe bila ya kuguswa, nasi tunajua ni wakati wa kuamka na kurudisha friji kwenye umeme.