Kibanda cha video Mwanga: Jumamosi tuliyoingia Sahara

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye kibanda kimoja cha video hapa Mwanga, Kigoma mjini. Siku nyingine ni mpira na muvi za mapigano, lakini Jumamosi asubuhi wanawawekea watoto filamu za wanyama. Mtoto Sh 300, mtu mzima Sh 500. Zamu hii ilikuwa jangwa la Sahara.

Uzuri wa pale ni kijana anayetafsiri. Anapunguza Kiingereza, anashika maiki na kueleza kwa Kiswahili chetu. Alipotaja kilomita za mraba zaidi ya milioni 9, watoto walimtazama tu. Akawaambia: chukueni Tanzania nzima, kuanzia huku kwetu mpaka Mtwara, muipange karibu mara 10. Kibanda kizima kikaguna.

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wangu walichora Sahara kama vilima vya mchanga. Kumbe mchanga ni kama robo tu. Kwingine kote ni mawe, changarawe na milima. Emi Koussi, kule Chad, una mita 3,415.

Kilichotushika wote ni mamba. Katika magenge ya Ennedi, Chad, kuna bwawa linaloitwa Guelta d'Archei. Ngamia wamejazana ndani yake, maji meusi kwa kinyesi chao, na pembeni wamelala mamba wachache. Maelfu ya miaka iliyopita Sahara ilikuwa na mito, maziwa na nyasi. Ilipokauka, mamba hao wakabaki wamefungiwa humo. Kinyesi cha ngamia kinarutubisha mwani, samaki wanakula mwani, mamba wanakula samaki. Mtoto mmoja wa Kibirizi akauliza kama samaki wenyewe ni dagaa. Hapo nikajua wameelewa, maana mtoto wa ziwani akianza kuuliza aina ya samaki, ameshaingia majini.

Halafu sisimizi wa fedha. Picha ilisogezwa mpaka tukaona vinyweleo vyake viking'aa kama sufuria mpya. Vinyweleo hivyo vinarudisha mwanga wa jua, naye anatoka shimoni mchana wa jua kali, dakika chache tu, wakati mijusi wanaomwinda wamekimbilia kivulini. Anaokota wadudu waliokufa kwa joto, anarudi mbio.

Kwenye mgunga wa Ténéré, nchini Niger, kibanda kilinyamaza. Ulisimama peke yake, hakuna mti mwingine karibu kwa mamia ya kilomita. Kisima kilipochimbwa kando yake miaka ya 1930, mizizi yake ilikutwa imefuata maji zaidi ya mita 30 chini. Mwaka 1973 lori likaugonga, ukaanguka. Sasa umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Niamey. Mjukuu wangu aliniuliza mara mbili kwa nini dereva hakupita pembeni. Sikuwa na la kumjibu.

Kasoro zipo. Bati halina dari, ikifika saa tano ni joto, na picha ilikwama mara tatu. Kubwa zaidi, kijana alisema nundu ya ngamia ni tangi la maji. Filamu ilipokwama nilimwendea nikamweleza kwamba ni mafuta. Akashukuru, akashika maiki na kusahihisha papo hapo mbele ya watoto. Nimempenda kwa hilo.

Binti mmoja akauliza kwa nini misafara ya zamani ya Ujiji ilibebwa na wapagazi na siyo ngamia. Nikapewa maiki nijibu: mbung'o. Miombo ya kati yetu na Tabora imejaa mbung'o, na ugonjwa wanaoueneza unamuua ngamia.

Nendeni kabla ya saa nne mpate benchi za mbele, kwa sababu spika ya nyuma inakoroma. Mimi nimeshamwomba kijana Jumamosi ijayo aweke jangwa la Namib. Nataka mjukuu wangu auone ule mmea wa welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote.