Miaka 70 ya mama katika nyumba ya mawe huko Dordogne

Familia nyingi za Lubumbashi zenye watoto wanaoishi Ufaransa, zinapotaka kumfanyia mzazi sikukuu ya kuzaliwa kule, hutafuta kwanza ukumbi wa kukodi karibu na Paris. Sisi tulifanya vingine. Mama alipokaribia kutimiza miaka 70, tulipanga kwa juma moja la mwezi wa Julai nyumba ya kijijini, ya aina ambayo Wafaransa wanaiita gîte, si mbali na mji wa Sarlat-la-Canéda katika jimbo la Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi. Tulikuwa watu kumi na mmoja na tulilipa euro 1,450. Ninaandika ili anayefikiria safari kama hiyo ajue tulichokipata pale, na pia yale ambayo tungeuliza mapema kama tungejua.

Nyumba ni ya zamani, imejengwa kwa mawe ya rangi ya asali yanayoonekana kila mahali katika sehemu hiyo, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mchana, joto likiwa kali nje, ndani mlikuwa na ubaridi bila mashine yoyote. Lakini kilichotufaa kuliko vyote ni meza. Iko nje, chini ya mti wa jozi, meza ndefu ya mbao ambayo sote tuliizunguka bila mtoto yeyote kupelekwa kula pembeni. Mwezi wa Julai jua la huko huzama karibu saa nne usiku, wakati kwetu giza huanza kuingia saa kumi na mbili, kwa hiyo chakula cha jioni kiliendelea mpaka wajukuu wakasinzia vitini, na mama, ambaye nyumbani hulala mapema, hakutaka kuondoka. Bwawa la kuogelea lina uzio wenye mlango ambao mtoto mdogo hawezi kuufungua. Sheria ya Ufaransa inamlazimu mwenye bwawa aliwekee kinga, nasi tuliokuwa na watoto wanne wadogo tuliishukuru.

Jikoni ndiko nilikokuwa na wasiwasi, kwa sababu mama alikuwa amesema wazi kwamba siku yake haitapita bila bukari, yaani ugali. Unga wa mahindi tuliubeba kutoka Lubumbashi, na sombe, yaani majani ya muhogo, tuliinunua Paris katika maduka ya Château Rouge, ikiwa imegandishwa. Nyama na vitu vya maziwa hatukubeba, kwani msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuviingiza. Tulichokosea ni sufuria. Yaya, ndugu yetu mkubwa, alikuwa amefunga sandukuni sufuria yetu kubwa ya aluminiamu, kumbe jiko la nyumba ile ni la umeme, lenye uso wa kioo, ambalo hupasha kwa nguvu ya sumaku na halitambui aluminiamu hata kidogo. Tuliliwasha mara tatu, likazimika mara tatu. Katika kabati la chini tukakuta sufuria ya chuma cha kusubu, nzito ya kunyanyuliwa kwa mikono miwili, na mama alipokwisha kupika uji akaanza kusonga kwa mwiko aliokuja nao, sufuria ile haikuzunguka wala kusogea, wala hapakuhitajika mtu wa kuishikilia. Tukapata bukari laini, bila donge hata moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, ambayo pamoja na Jumamosi ni siku ya soko la Sarlat. Tulinunua stroberi, nyama ya bata iliyopikwa taratibu ndani ya mafuta yake, na jozi, ambazo ni fahari ya eneo hilo. Keki ya jozi tulikuwa tumeiagiza siku tatu kabla kwa mwoka mikate wa kijiji cha jirani, kwa euro 42. Haikujaa mapambo ya sukari kama zetu, na ladha yake ilinipendeza zaidi. Kwa kuwa wakati wa kiangazi chao saa ya Ufaransa na ya Lubumbashi ni moja, kwaya ya mama huko Kampemba, sehemu ya Lubumbashi, ilikusanyika adhuhuri ikamwimbia kwa simu, nasi tukiwa tumeiegemeza simu kwenye bakuli la sombe katikati ya meza. Mama alikuwa akitaja jina la kila mwenye sauti aliyoitambua. Mwenye nyumba, mama wa makamo anayeishi ng'ambo ya barabara, alikuja na chupa ya jemu, akaketi, akala bukari kwa mkono baada ya mjukuu mmoja kumwonyesha namna ya kufinyanga tonge.

Yasiyopendeza yapo. Mashuka na taulo havikuwa ndani ya bei. Tuliambiwa tulipofika, tukalipa euro 12 kwa kila kitanda. Chumba kimoja tu kiko chini, na vingine hupandiwa kwa ngazi ya mawe iliyolika katikati, ambayo mwenye maumivu ya magoti asiijaribu. Intaneti ilifika mezani lakini vyumbani haikufika. Maduka ya kijiji hufungwa Jumapili adhuhuri, na la mikate halikufunguliwa hata Jumatatu. Anayetaka muziki wa kukesha atafute mahali pengine, kwa maana kelele za usiku zinazosumbua jirani huleta faini.

Bila gari hamwezi kitu. Kampuni moja ya kukodisha magari ilikataa kadi yangu ya benki, ikidai kadi ya mkopo yenye jina la dereva, sharti ambalo sikuliona popote nilipoagiza. Tulisimama pale saa mbili nzima mpaka mdogo wangu alipofika na kadi yake.

Anayeitaka nyumba ya namna hii aiagize tangu Januari, kwani katika Julai na Agosti nyingi hukodishwa kwa juma zima, Jumamosi hadi Jumamosi, na zile kubwa huisha mapema. Aulize aina ya jiko, bei ya mashuka na vyumba vya chini kabla ya kulipa. Dhamana yetu ya euro 300 ilirudishwa asubuhi tuliyoondoka, mama akiwa ameisugua mwenyewe ile sufuria ya chuma na kuirudisha katika kabati lake.