Wamenifutia anga: nakala za michoro ya rangi za maji, Mwanza mjini

Duka silitaji. Lipo katikati ya mji na mashine yao ni nzuri, ndiyo maana nina hasira zaidi.

Mchoro ni Mwamba wa Bismarck alfajiri, karatasi ya pamba ya gramu 300, anga imepakwa buluu ya ultramarine iliyozimuliwa ikabaki kivuli tu. Nakala ikatoka na anga nyeupe pee. Kijana wa kaunta hata hakuinua kichwa: "Bosi, mchoro wako ndio umepauka."

Umepauka! Ile ni PB29, namba ya pigmenti ya ultramarine, inastahimili mwanga vizuri sana. Angesema hivyo kwa nyekundu ya alizarin, PR83, ningenyamaza, maana hiyo hupauka hata ikitoka kampuni kubwa. Ndiyo sababu tyubu husomwa namba ya pigmenti, si jina zuri la mbele. Nyekundu ya kudumu tafuta PV19.

Kosa lilikuwa kwenye skana. Waliacha marekebisho ya moja kwa moja yamewashwa. Programu ikiona karatasi ina unjano kidogo, inaisukuma mpaka iwe nyeupe, na kila rangi nyepesi inaondoka nayo. Zima marekebisho yote. Skani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi) kama A4 itakuzwa kuwa A3. Kwa saizi ileile 300 inatosha. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, halafu linganisha na mchoro wenyewe kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya dukani. Kisha toa kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuchapa karatasi nzima.

Nilikiomba hicho kipande. "Hatutoi vipande, bosi. We piga picha, nirushie WhatsApp." WhatsApp, ambayo inabana picha mpaka rangi nyepesi zinakuwa mabaka! Angalau angesema nitume kama dokumenti.

Sidai buluu ifanane kabisa. Ultramarine ina ukali ambao wino wa printa nyingi haufikii, hilo kila mchoraji analijua. Lakini kupungua ni kitu kimoja, kutoweka ni kingine.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Tatizo ni kwamba mchoro wangu mwingine, wa mitumbwi ya Mwaloni, wenye rangi nzito, waliutoa safi mno: wino wa pigmenti, karatasi isiyong'aa, kingo kali. Kwa michoro mizito, haya, nendeni. Kwa anga, ukungu na maji ya ziwa, skanini wenyewe na mpeleke faili likiwa tayari kwenye flashi. Na wakikataa tena kipande cha majaribio, mimi nachomoa flashi yangu naondoka.