“Hayo ni matairi, dada”: propela ya mbele na gereji iliyonitoa jasho

Naandika mikono ikiwa bado na grisi, kwa hiyo nikipandisha sauti mtanivumilia.

Gari langu ni foo-wili ya muda wote. Hakuna cha kufunga habu, vile vitovu vya magurudumu ya mbele, wala kufungua, magurudumu yote manne yanasukumwa utake usitake. Maana yake propela ya mbele, ile shafti inayotoka kwenye transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenda difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), haina siku ya mapumziko. Wenzangu wenye gari za kufungua habu wanaweza kukaa na krosi mbovu (kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha za shafti) miezi wasijue, kwa sababu shafti yenyewe imelala. Yangu hailali.

Ilianza na mlio. Nikiondoka taratibu, kwi-kwi-kwi-kwi, kama kifaranga kabanwa na mlango, na kadiri gari linavyokimbia na kifaranga naye anakimbia. Baada ya muda, kila nikitoka rivasi kuingia D, “ko!” chini ya miguu. Mwisho ukaja mtetemo. Nikigusa 80 sakafu inavuma, na kwenye kioo cha katikati gari la nyuma yangu naliona mawili.

Nikalipeleka gereji niliyosifiwa. Sitaitaja. Fundi mkuu hakuinama. Narudia, hakuinama. Alisikiliza nusu ya maneno yangu, akalipiga tairi teke dogo, akasema, “Hayo ni matairi, dada. Balansi.” Nikamwambia balansi nimefanya juzijuzi na usukani umetulia tuli. Akacheka, tena hakucheka na mimi, alicheka na vijana wake. “Dada, wewe endesha tu. Haya ya uvunguni tuachie sisi.”

Hilo ndilo lililonikaa kooni, na nitasema kwa nini. Tairi lenye kasoro ya balansi likiwa la mbele linatikisa usukani, na mtikiso wake ni wa polepole, unaweza karibu kuuhesabu. Propela ni kitu kingine. Kwa difu yenye uwiano wa 4.1, tairi likizunguka mara moja, shafti imezunguka mara nne na ushee. Ukiwa kwenye 80, tairi la kawaida la gari kama langu linazunguka mara 580 hivi kwa dakika. Shafti iko kwenye 2,400. Ndiyo maana inavuma sakafuni na kwenye kiti badala ya kuyumbisha mikono. Mtu anayeishi kwa kazi hii anatakiwa kuuliza swali moja tu: unausikia mikononi au makalioni? Hakuuliza.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja, mwanafunzi wa pale. Alijiingiza uvunguni bila kutumwa, akaishika shafti kwa mikono miwili, akaisukuma juu, akaivuta chini, akaizungusha kushoto na kulia. Akatoka na kidole chenye vumbi jekundu, laini kama unga wa tofali. “Bosi, krosi ya upande wa transfa imekauka. Inacheza.” Lile vumbi ni visindano vya beringi vilivyokosa grisi vikaanza kujisaga vyenyewe ndani ya vikombe vinavyovikwa kwenye ncha za krosi. Bosi akasema, “Basi fungueni,” kwa sauti ya mtu anayemridhisha mtoto.

Wakafungua. Nikauliza kama wameweka alama, kwenye flanji, ile sahani ya boliti inayoishika shafti, na pale shafti inapochomekana kwa meno. “Dada, tumeshafungua mamia ya hizi.” Sawa.

Sasa hapa ndipo sinema ilipoanza. Shafti iko chini, na wakataka kulisogeza gari kupisha jingine. Fundi mkuu akawasha, akaweka D, akakanyaga mafuta. Injini inalia, gari haliendi. Akaweka rivasi, haliendi. Akashuka, akanitazama kwa huruma ya daktari, akasema transfa imekufa, “ndiyo iliyokuwa inakusumbua muda wote,” na kwamba wanayo nyingine.

Jamani! Gari la foo-wili ya muda wote lina difu katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukiitoa propela ya mbele, nguvu yote inakimbilia pale pasipo na mzigo, flanji ya transfa inazunguka bure kama feni na magurudumu ya nyuma hayapati kitu. Unafunga loki ya difu ya katikati, gari linakwenda kwa magurudumu ya nyuma, basi. Nilipanda, nikafunga loki, nikaweka D. Likaenda. Hakuna aliyesema neno, ila dogo aliinama kufunga kamba ya kiatu, na nina hakika alikuwa anacheka.

(Na kabla sijasahau: likiwa hivyo, bila loki, hata P hailishiki. Lilianza kujivuta lenyewe kwenye mteremko mdogo na dogo akawahi kusukumia tofali chini ya tairi. Ukiitoa shafti, vuta hendibreki na uweke kigingi kabla ya yote.)

Wakataka nibadilishe shafti nzima. Nakiri kuna wakati hilo ndilo jibu: meno yakishalegea ukiyashika yanacheza pembeni, au bomba limebonyea, au masikio yanayoshika krosi yamelika hadi kikombe kinaingia chenyewe bila kubanwa. Yangu yalikuwa mazima. Nikasema krosi mbili mpya, ya mbele na ya nyuma.

Kuiingiza krosi ni kazi ya jiliwa na subira. Pale ilikuwa nyundo. Kikombe kikagoma kufika mwisho, na klipu haikupata mfereji wake. Mkuu akaongeza nyundo. Dogo akamwambia pole pole, “Bosi, hebu nikitoe kwanza.” Akakitoa, akaninyooshea nione. Ndani, visindano vimesimama vimejipanga kwenye ukuta kama uzio, isipokuwa kimoja kilichoanguka na kulala kwenye sakafu ya kikombe. Kimoja, kisichozidi unene wa uzi wa kiatu. Kingegongewa mle ndani kingevunjika, na krosi mpya isingemaliza safari chache. Akakisimamisha kwa ncha ya bisibisi, akapaka grisi nzito kukishikilia, akabana kwa jiliwa. Klipu ikaingia, “tik.”

Wakarudisha shafti. Nikaenda kujaribu. Kifaranga kanyamaza, “ko!” imekwisha, ila mtetemo umekuwa mbaya kuliko nilivyokuja nao! Nikarudi natetemeka mimi na gari. Na mkuu, aliyekuwa amekaa kwenye tairi kuukuu anachokonoa meno, akasema, wallahi alisema, “Sasa unaona? Si nilikwambia ni matairi?”

Sikumjibu. Nilimwita dogo. Akalala tena chini, akafuta tope kwenye shafti kwa kitambaa, na hapo ikaonekana mishale miwili midogo iliyogongwa kiwandani, mmoja kwenye kila nusu. Ilitakiwa itazamane. Ilikuwa imepishana. Walipozichomeka zile nusu mbili walikosea meno.

Krosi inayozunguka ikiwa na pembe, shafti haijanyooka na inakotoka, haizungushi kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko shafti inaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili ipo ili ifute hilo: huyu akiharakisha, yule anachelewesha. Masikio yakikaa nje ya mpangilio wake, badala ya kufutana wanaongezeana. Unaweza kufunga krosi mpya kabisa, matairi mapya na gari jipya juu yake, bado litatetemeka. Dogo alichomoa, akazungusha, akaelekeza mishale, akafunga. Dakika chache. Nilifika 80, nikafika 100, na kioo cha katikati kikanionyesha gari moja tu.

Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota moja. Kisha nikafikiri, kazi mwishowe imefanyika, gari ni kama jipya, na yule dogo ana mikono ya dhahabu. Nikasema nyota tatu. Hata nilianza kuandika kwamba mkienda mumtafute yeye na mumkwepe mwenye maneno mengi, kwamba labda mzee aliamka vibaya siku ile, kila mtu ana siku yake.

Halafu leo nikajitia kuweka grisi mwenyewe. Nipeli, kichwa cha kupampia grisi, iko katikati ya krosi, na kila krosi ina vikombe vinne. Ukipampu, grisi inatakiwa ichungulie kwenye sili za vikombe vyote vinne, ndipo ujue imefika kila mahali. Krosi ya mbele, vinne vyote. Ya nyuma, ile ya upande wa transfa: kimoja, viwili, vitatu. Cha nne kikavu. Nikaigeuza shafti, nikaitikisa, nikakigonga kidogo kwa mpini wa nyundo ya mpira, nikapampu hadi mkono ukauma. Kikavu.

Na ni kile kikombe alichokiingiza mkuu mwenyewe, dogo alipokwenda kutafuta kitambaa.

Nyota moja. Gari liko juu ya stendi, propela nimeitoa, na safari hii alama nimeweka mwenyewe kwa rangi ya kucha, nyekundu, pande zote mbili.