Kalamu ya insulini (dawa ya kisukari ya kuchoma) au kichupa na bomba la sindano?

Kwa anayedamka alfajiri Mbagala kuwahi kazi Posta, mimi nasema kalamu. Unafunga sindano mpya, unatoa yuniti 2 (yuniti ni kipimo cha insulini) hewani kuhakikisha dawa inapita, unazungusha kitufe hadi namba ya dozi, unachoma, unahesabu mpaka kumi ndipo unachomoa. Mlio wa kila yuniti humsaidia mwenye macho hafifu, ingawa asiutegemee peke yake. Kwenye bomba mistari ni midogo mno, na kosa la yuniti mbili kwa mtoto ni hatari.

Kichupa kinashinda kwa bei. Kina yuniti 1,000, katriji ya kalamu, yaani kichupa chembamba kinachokaa ndani yake, 300, na kwa kawaida yuniti moja ya kichupa ni nafuu. Ila piga hesabu: insulini nyingi zikishafunguliwa hutumika kama wiki nne tu. Anayechoma yuniti 20 kwa siku atatumia 560, zilizobaki anazitupa. Bomba nalo liwe la U-100, yaani la dawa yenye yuniti 100 kwa kila mililita, kama dawa yenyewe.

Joto la Dar halichagui. Insulini iliyofunguliwa isizidi nyuzi 30, na Februari nyumba nyingi za bati zinapita hapo. Huna friji? Ifunge kwenye mfuko usioingiza maji, uiweke kwenye mtungi wa maji. Usiigandishe kamwe.

Na jamani, kalamu haiazimwi, hata kwa ndugu wa damu, hata ukibadilisha sindano: damu huweza kurudi ndani ya katriji.